UZI: Kiko cha papa (baba yangu) kilichokaa kwenye droo miaka 30. Tuzungumzie viko: kuvitafuta, kuvifufua, kuvivuta

#1 Mwana wa Kamalondo (Lubumbashi)

Jambo wakubwa, jambo yaya na wadogo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, upande wa wale wanaotandaza chini vitu vilivyotoka kwenye nyumba za watu waliohama: vijiko, saa zisizotembea, fremu za picha, funguo zisizo na kufuli. Kando ya mama muuzaji alikaa mtoto wake wa miaka sita hivi, ameshika kiko, amekitia maji ya sabuni, anapuliza mapovu. Nilisimama kuangalia mapovu, kisha nikaona mbao yenyewe. Chini ya uchafu wote ule mishipa yake ilikuwa inapanda kutoka chini hadi ukingoni kama moto unaoshika majani makavu. Roho iliniuma. Nikampa mama franga elfu tano, mtoto akaanza kulia, nikaondoka na kiko kinachochuruzika sabuni mfukoni.

Nitarudi kwenye hicho kiko. Kwanza niwaeleze kwa nini kiliniuma hivyo.

Papa yangu alifanya kazi kwenye tanuru za shaba, chini ya lile bomba refu la moshi la hapa Lubumbashi ambalo sote tunalijua. Siku sita za juma alikuwa mtu wa kelele na joto. Jumapili baada ya misa alivuta kiti chini ya mwembe, akatoa kiko chake kimoja tu, kilichopinda shingo, akakijaza polepole. Ilikuwa ni saa ambayo hatukuruhusiwa kumwuliza habari ya viatu wala pesa za shule. Mama alituambia, "Mwacheni, papa yenu anapumzika na rafiki yake." Kiko kile aliachiwa na mkubwa wake wa kazi aliyerudi kwao Ubelgiji. Papa alipofariki, mama alikifunga kwenye kitambaa, akakiweka kwenye droo pamoja na kadi yake ya kazi. Kikakaa humo miaka 30. Mwaka juzi nilikifungua, nikakuta shingo imepasuka na mdomo umegeuka kijani.

Sikujua lolote. Nilianza kusoma, kuuliza wazee, kuharibu na kutengeneza. Leo nina viko 11, vyote nimevipata hapahapa Lubumbashi na Likasi, na hakuna hata kimoja nilichokinunua kipya. Nawaandikia kwa sababu najua kuna droo nyingi kama ya mama yangu, na kwa sababu nimeona viko vizuri vikitupwa pamoja na makopo.

Sasa mbao. Viko vingi vya wazungu vya zamani mnavyoviokota vimechongwa kutoka kwenye mti mdogo wa kando ya bahari ya Mediterania, ambao Wafaransa wanauita bruyère. Wataalamu wa mimea wanauita Erica arborea. Hawatumii shina wala tawi. Wanachimba lile vimbe linaloota kati ya mizizi na shina, gumu kama jiwe, ambalo huchukua miongo kadhaa kukua. Linakatwa vipande, linachemshwa kwa saa nyingi ili utomvu mchungu utoke, kisha linakaushwa taratibu kwa miezi, wengine kwa miaka. Mji uliojulikana dunia nzima kwa kazi hiyo ni Saint-Claude, milimani kule Jura, Ufaransa. Mafundi wa pale walikuwa tayari wanachonga rozari na vitu vingine vidogo vya mbao, na katikati ya karne ya 19 wakashika bruyère. Ndiyo maana ukisugua shingo ya kiko cha zamani huku kwetu, mara nyingi unasoma maneno hayo mawili: Bruyère, na Saint-Claude chini yake.

Mbao hii haishiki moto kirahisi na inanyonya unyevu wa moshi. Maji ya sabuni yanaingia humohumo yanapoingia jasho la tumbaku, na kutoka si rahisi. Mnaelewa sasa kwa nini sikumsubiri yule mtoto amalize mapovu yake.

Ninapookota kiko, jina silitazami mwanzoni. Naingiza kijiti chembamba kupitia mdomoni. Kinapotokea ndani ya kichwa, pale panapojazwa tumbaku, kinatakiwa kitokee chini kabisa, katikati. Kikitokea juu ya sakafu, maji ya tumbaku yatabaki pale chini na kiko kitakoroma siku zote, hata kama kimetengenezwa na nani. Halafu napitisha kidole ndani kutafuta mashimo yaliyoungua, naangalia shingo kwenye mwanga kama ina ufa, naangalia alama za meno. Jina nalisoma mwisho. Viko viwili ninavyovipenda kuliko vyote havina jina kabisa.

Karibuni. Mwenye kiko, mwenye swali, mwenye historia ya mzee wake, aweke hapa.

#2 Kadutu Juu (Bukavu)

Aksanti sana papa kwa uzi huu. Miye niko na kiko cha papa mukubwa, alikuwa mwalimu huko Walungu. Mdomo wake umekuwa rangi ya majani mabovu na unanuka vibaya, mpaka bibi yangu (mke wangu) amesema nikitoe nyumbani. Nimekiosha na OMO mara mbili, rangi inabaki palepale. Kichwa nacho ndani kimejaa kitu cheusi kigumu, hata kidole hakiingii. Nifanye nini? Na hicho cheusi nitoe chote?

#3 Mwana wa Kamalondo

@Kadutu Juu, acha OMO leo hii, ndugu yangu. Mdomo huo si plastiki. Ni mpira uliochanganywa na salfa nyingi ukapikwa hadi ukawa mgumu kama pembe. Wanauita ebonaiti. Ukikaa kwenye jua na hewa kwa miaka, salfa inapanda juu, ndiyo hiyo rangi ya kijani na harufu ya yai bovu.

Chomoa mdomo kiko kikiwa baridi. Nasema tena: baridi. Kikiwa cha moto mbao imetanuka, ule ulimi unaoingia shingoni unavunjika kama chaki. Papa alinichapa kofi moja tu maishani mwangu, na ni kwa sababu hiyo.

Chukua msasa wa maji, anza na namba 600, nenda 1000, malizia 2000. Lowanisha, sugua kwa urefu. Maji yatakuwa ya kahawia na nyumba nzima itanuka kiberiti, fungua madirisha. Usiguse pale penye alama ya kiwanda. Ukifika kwenye weusi, sugua na dawa ya meno kwenye kitambaa, kisha tone la mafuta ya zeituni. Mdomo wa papa ulinichukua jioni tatu. Jioni ya tatu niliona taa ya nyumba ikijitazama ndani yake.

Hicho cheusi ndani ya kichwa ni masizi ya tumbaku yaliyoshikana, sisi tunakiita ukoko, kama ukoko wa sufuria ya wali. Usiutoe wote. Ukoko mwembamba ndio ngao ya mbao. Acha unene wa milimita moja. Ukizidi sana unapanuka kwa joto na kupasua kichwa. Kwangua polepole kwa kisu kisicho na ncha, ukizungusha, usichimbe.

Baada ya hapo, harufu. Jaza kichwa chumvi ya kawaida au pamba, dondoshea alkoli ya famasi hadi ilowane, ziba tundu la shingoni na pamba, kiache usiku mzima. Asubuhi chumvi itakuwa rangi ya chai. Rudia mpaka itoke nyeupe. Angalia alkoli isimwagike nje ya kichwa, itakula vanishi yote.

#4 Mzee wa Likasi

Watoto wangu, nimesoma kwa furaha. Nina mambo mawili ya kuongeza.

La kwanza ni huo mpira. Ebonaiti ilianza kutumiwa kwa midomo ya viko katika karne ya 19, na ikaenea sana mwisho wa karne hiyo. Mpira wa dunia wakati ule ulitoka kwenye misitu, sehemu kubwa Amazon, na sehemu yake kwetu Kongo, wakati wa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, kuanzia 1885 hadi 1908. Ulikamuliwa kutoka kwenye mitambaazi ya msituni, na wanakijiji ambao hawakufikisha kilo walizoagizwa walilipa kwa miili yao. Mpira huo uliuzwa Antwerpen, ukaenda viwandani: matairi, mikanda ya mashine, vitana, kalamu, midomo ya viko. Mimi nina kiko kimoja cha wakati ule. Ninakipenda. Kila ninapokiweka mdomoni nawakumbuka, na sioni sababu ya kutenganisha hayo mawili.

La pili: mnazungumza kana kwamba kiko kilikuja na mzungu. Tumbaku ndiyo ilivuka bahari kutoka Amerika, ikaingia kwetu kupitia Wareno. Lakini mara ilipofika, mababu walichonga viko vyao, tena kwa ustadi. Wachokwe wana viko vya mbao vyenye watu na wanyama vilivyochongwa kwa makini sana. Wakuba wa Kasai vilevile. Na neno lenyewe kiko, kwa Waswahili wa zamani wa pwani, ni kile chombo cha maji, mara nyingi kifuu cha nazi, ambamo moshi unapita kabla ya kufika mdomoni. Bomba linalotoka kwenye kichwa cha udongo kwenda kwenye maji ni digali. Ule mlio wa maji, gulu gulu gulu, ni malio ya kiko. Maneno matamu sana, msiyaache yafe.

#5 Kadutu Juu

Mzee, aksanti. Umenikumbusha koko (nyanya) yangu. Alivuta kiko cha udongo chenye mti mrefu, akikaa mlangoni jioni, na hakuna mwanaume aliyemwambia kitu. Kilivunjika siku ya mazishi yake, mtu alikikanyaga. Sikuwahi kufikiri kwamba kilikuwa kitu cha kuhifadhi.

#6 Fundi wa Himbi (Goma)

Mimi ni seremala. Swali langu: kwa nini tusichonge vya kwetu? Nimejaribu mara tatu. Cha kwanza nilikichonga kwa mti laini, kikatoboka pembeni kwa kujazwa mara mbili tu, nikaona nukta nyekundu inawaka ukutani. Cha pili kwa mti mwekundu wenye mafuta, ukawa mchungu na ulimi wangu ukavimba siku mbili. Cha tatu ni mpingo. Huo umesimama, nimeuvuta mwaka mzima, ila ni mzito na unapata joto haraka mkononi, na vumbi lake wakati wa kuchonga lilinifanya nikohoe, fungeni pua.

Wenye mwelekeo wa kujaribu, acheni ukuta mnene, na msiweke vanishi wala rangi ndani ya kichwa.

#7 Mwana wa Kamalondo

@Fundi wa Himbi, nina mahali pa kuanzia palipo rahisi kuliko mpingo: gunzi. Sisi wa Katanga tunakula bukari (ugali) kila siku na magunzi tunayatupa. Kule Missouri, Marekani, kwenye mji unaoitwa Washington, fundi mmoja mhamiaji kutoka Uholanzi, Henry Tibbe, alianza kutengeneza viko vya magunzi mwaka 1869, na mwaka 1878 akapata hataza ya kuziba matundu ya gunzi kwa plasta. Kiwanda kilichotokana na kazi yake bado kipo. Gunzi linanyonya unyevu vizuri, ni jepesi, halihitaji kuzoezwa. Tafuta gunzi nene la mahindi ya kienyeji, likaushe sana, toboa katikati bila kufika chini, ingiza kijiti cha tete pembeni.

#8 Mtafuta Jina (Lubumbashi)

Yaya, mi naomba tuongee feza kidogo. Kuna mtu hapa mjini anauza kiko chenye nukta nyeupe juu ya tiyo (mdomo wa kiko), anasema ni Dunhill, anataka dola 150. Ni kweli vina thamani hiyo? Na majina gani mengine nitafute?

#9 Mwana wa Kamalondo

Nukta nyeupe peke yake si ushahidi. Alfred Dunhill alifungua duka lake la tumbaku Duke Street, London, mwaka 1907, na nukta ile ilikuja kuwa alama yao. Inasemwa iliwekwa ili mtu ajue upande wa juu wa mdomo. Lakini yeyote mwenye sindano ya moto na tone la plastiki nyeupe anaweza kuiweka. Soma shingo: jina na maneno ya London na Uingereza yawe yamegongwa kwa herufi kali, zilizonyooka. Gusa nukta kwa kucha. Ikiwa juu ya mdomo kama tone la rangi, mshukuru muuzaji, ondoka. Ikiwa imezama sawasawa na mdomo, omba ukikague kwa mwanga, kijiti na kidole kama nilivyoeleza juu. Dola 150 kwa kiko kilichopasuka shingo ni pesa za kukata tamaa.

Mimi ningekutuma utafute Peterson wa Dublin. Charles Peterson alitoka Latvia, na mwaka 1890 alisajili kiko chenye kisima kidogo ndani ya shingo, ambapo maji ya moshi yanadondoka badala ya kupanda mdomoni. Mwaka 1898 akaongeza mdomo wenye tundu linaloelekea juu, ili moshi ugonge kaakaa usichome ulimi. Ni kitu kilichofikiriwa na mtu aliyevuta kweli. Savinelli wa Milano, walioanza 1876, nao ni wazuri. Ukiona kiko cheupe chepesi kama chaki, hicho ni cha jiwe laini linalochimbwa Eskişehir, Uturuki. Kikivutwa miaka mingi kinageuka rangi ya asali. Usikidondoshe.

#10 Nesi wa Kampemba

Naheshimu kumbukumbu za wazee wenu, na viko ni vizuri kutazama. Lakini niliyoyaona wodini siwezi kuyanyamazia. Kutovuta moshi hadi mapafuni hakukuokoi. Saratani ya mdomo, ya ulimi, ya koo inawapata wavutaji wa viko, na nikotini inapita kwenye ngozi ya ndani ya mdomo moja kwa moja. Ukiona kidonda mdomoni ambacho hakiponi majuma mawili au matatu, au doa jeupe lisilofutika, usiende kwa mganga wa mitishamba, nenda hospitali. Na msivute penye watoto, hata chini ya mwembe.

#11 Mwana wa Kamalondo

Dada, aksanti, na umesema kweli. Papa alifariki kwa kifua. Tanuru, tumbaku, vyote viwili, nani atatenganisha. Kwa hiyo mimi navuta mara moja kwa juma, Jumapili, nje, watoto wangu wakiwa kwa shangazi yao. Viko vingine tisa sivivuti kabisa. Navipaka nta ya nyuki, navigeuza mkononi, navirudisha. Mtu ambaye hajawahi kuvuta asianze kwa sababu ya uzi huu. Kufufua kiko ni raha kamili hata bila kiberiti.

Kwa wale ambao tayari wanavuta: polepole. Jaza mara tatu, wazee wa Ulaya wanasema kwanza kwa mkono wa mtoto, pili kwa mkono wa mwanamke, tatu kwa mkono wa mwanaume. Maana yake chini legevu, juu kaza. Washa mara ya kwanza, tumbaku itainuka, ishindilie kidogo, washa tena. Kiko kikiwa cha moto kiasi kwamba huwezi kukiweka shavuni, unavuta haraka mno. Kikizimika, kizimike, si aibu. Kisha kipumzishe siku moja au mbili, kimechomekwa kijiti cha pamba shingoni.

#12 Kadutu Juu

Ripoti! Chumvi usiku wa kwanza: nyeusi. Wa pili: rangi ya chai. Wa tatu: kama maji ya mchele. Mdomo umekuwa mweusi unaong'aa. Na chini ya uchafu, shingoni, nimekuta herufi mbili zilizokwaruzwa kwa ncha ya kisu: herufi za mwanzo za majina ya papa mukubwa. Bibi yangu amekipa nafasi kabatini, karibu na picha ya ndoa.

#13 Mzee wa Likasi

Mwana wa Kamalondo, hujatuambia. Shingo ya kiko cha papa yako iliyopasuka uliifanyaje? Na kiko cha mapovu je?

#14 Mwana wa Kamalondo

Mzee, samahani, nilikuwa nasubiri kikauke.

Shingo ya papa: nilitoboa kitundu kidogo mno pale ufa ulipoishia, usiendelee kukimbia. Nikatia ile gundi kali inayoshika vidole, nikaikaza kwa uzi siku nzima. Kisha nikaenda kwa mfua shaba mmoja wa Katuba, anayetengeneza mapambo ya kuuza. Alikata pete ya milimita sita kutoka kwenye bomba la shaba la friji bovu, akaipanua kwa nyundo ndogo hadi ikawa karibu kuingia, lakini bado. Akaipasha moto juu ya makaa, akaishika kwa koleo, akaisukuma shingoni kwa pumzi moja, akaitia kitambaa chenye maji. Ilipopoa ikabana. Hakuna gundi chini yake, shaba imejishikilia yenyewe. Wenzetu Ulaya wanaweka fedha mahali hapo. Papa alikaa miaka yake yote mbele ya shaba iliyoyeyuka, na sasa ana pete yake.

Kiko cha mapovu kimekaa majuma matatu kivulini, kichwa kikiangalia chini, juu ya karatasi za gazeti. Siku za kwanza kilitoa harufu ya sabuni, halafu ya tumbaku ya zamani, halafu ya mbao tu. Ufa mmoja mwembamba umetokea ukingoni, hauingii ndani. Nilipoufuta uso na alkoli kidogo, shingoni zikatokea herufi: Saint-Claude. Jina la kiwanda limefutika. Nimekipaka nta. Mishipa ile inapanda pande zote mbili, kushoto na kulia, bila kukatika.

Jumamosi nilirudi soko la Kenya. Nilikuwa nimetoboa gunzi moja nene, nikatia kijiti cha tete, nikalisugua kwa msasa hadi likawa laini, na ndani halijawahi kuona tumbaku. Yule mtoto alinitambua kabla sijafika, akajificha nyuma ya mama yake. Nilimpa. Akalitumbukiza kwenye kopo la sabuni, akapuliza, na povu la kwanza likatoka kubwa kuliko kichwa chake.